Ukuta Uliokosa Adui

Msomaji mpenzi, wako watu ambao wakiona kitu cha kale hutamani kukivunja, na wako wengine ambao wakikiona hutamani kukifungia sandukuni kisiguswe. Mimi nalikuwa katika kundi la kwanza. Nakiri jambo hili mapema ili usije ukadhani kuwa nakuandikia kama mwalimu mwenye fimbo mkononi. Nakuandikia kama mtu aliyepotea njia, kisha akaelekezwa na mawe.

Habari yangu yaanzia nyumbani. Ukingoni mwa Mji wa Kale wa Mombasa tuna nyumba tuliyorithi kwa baba yetu, naye aliirithi kwa baba yake. Ni nyumba ya mawe ya matumbawe na chokaa. Dari zake ni za boriti za mikoko, na viambaza vyake ni vinene hata mtoto mdogo aweza kujilaza juu ya kizingiti cha dirisha akapata usingizi. Humo hukaa dada yetu mkubwa, ambaye ni mjane, pamoja na watoto wake. Miaka michache iliyopita ufa ulitokea katika kiambaza kielekeacho kichochoroni. Mwanzo ulikuwa mwembamba kama uzi. Tulimwita fundi akauziba kwa saruji. Baada ya masika mbili ufa ulirudi, na safari hii uliweza kumeza ncha ya kidole.

Ndipo alipokuja mnunuzi, mtu mwenye fedha na haraka, akataka kuitwaa nyumba aivunje, apate kujenga ghorofa za saruji mahali pake. Sisi tu ndugu wanne. Mdogo wetu alikubali. Mimi nilikubali. Dada wa pili alinyamaza. Dada mkubwa alikataa, akaniambia maneno machache ambayo hayakunitoka moyoni: "Ndugu yangu, nyumba hii haijanishinda mimi ninayelala ndani yake. Imewashindaje ninyi mnaolala mbali?" Nilikosa jibu, na mtu akikosa jibu hujitetea kwa ghadhabu. Nilimwambia kuwa zama zimebadilika, na kwamba mtu hali mawe. Tukaachana kwa ubaridi.

Katika hali hiyo nilipata safari ya kazi ya mwezi mmoja katika mji wa Pisa, nchini Italia. Karatasi ya kukubali mauzo ilikuwa ndani ya mkoba wangu. Ndugu yangu mdogo alikwisha tia sahihi. Pengo la sahihi yangu lilikuwa likiningoja. Nilikusudia kulijaza nikiwa mbali, mahali ambapo macho ya dada yangu hayangenifikia.

Siku moja ya mapumziko mwenyeji wangu, ambaye alikuwa mwalimu kama mimi, alinichukua kwenda kuutazama mji aliozaliwa. Mji huo huitwa Lucca. Kutoka Pisa ni mwendo wa nusu saa hivi kwa treni. Tuliposhuka stesheni sikuona mji. Niliona uwanda wa majani mabichi, na nyuma ya majani ukuta wa matofali mekundu uliotanda kushoto na kulia mpaka macho yakachoka, na juu ya ukuta safu za miti mirefu. Mji wote wa kale umo ndani ya ukuta huo kama kiini ndani ya yai.

Yafaa nikueleze ukuta huo, maana ndio msingi wa maneno yangu. Urefu wake wa kuuzunguka mji ni kilomita 4 na kidogo. Kimo chake ni kama mita 12, na unene wake chini ni kama mita 30, yaani nyumba kadhaa zaweza kupangwa katika unene huo. Ulianza kujengwa mwanzoni mwa karne ya 16 na haukumalizika mpaka katikati ya karne ya 17. Watu walioweka jiwe la kwanza walikwisha fariki, na watoto wao, na wajukuu wao, kabla ya kazi kwisha. Ndani yake haukujazwa mawe matupu. Ulijazwa udongo, kwa kuwa risasi ya mzinga ikipiga jiwe hulivunja, lakini ikipiga udongo humezwa.

Kila baada ya masafa fulani ukuta umesukumwa nje ukafanya buruji, nazo jumla yake ni 11. Mwenyeji wangu alinisimamisha juu ya moja akanionyesha hekima yake. Mnara wa duara wa zamani ulikuwa na kasoro: mbele yake palikuwa na mahali ambapo adui aliweza kujibanza asionekane na walinzi. Buruji iliyochongoka iliondoa kasoro hiyo. Mlinzi aliyesimama katika buruji moja aliweza kuuona uso wa buruji ya jirani na ukuta wote ulio kati yao. Kila moja ilimlinda mwenziwe, wala hakuna iliyojilinda peke yake.

Nilipoyasikia hayo moyo wangu uliruka, maana nalikuwa nimewahi kuona sanaa hiyo kabla ya kufika Ulaya. Nawe, msomaji, kama umepata kufika Mombasa umekwisha iona. Ngome ya Yesu, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, ilichorwa na Giovanni Battista Cairati, Mtaliani wa Milano aliyekuwa katika utumishi wao. Ngome yetu ina buruji 4 zilizotokeza nje kwa hesabu ile ile, kila moja ikiitazama nyingine. Katika miaka hiyo hiyo ya 1590 mafundi wa Lucca walikuwa wakijenga lango la Santa Maria katika ukuta wao. Kwa hiyo mwashi wa Lucca na mwashi wa Mombasa, ambao hawakujuana hata kwa ndoto, walikuwa wakifuata elimu moja siku moja, huyu kwa matofali na yule kwa matumbawe. Tangu utoto wangu nilipita chini ya Ngome ya Yesu nikienda sokoni, na sikuuliza hata mara moja kwa nini pembe zake zimechongoka vile. Ilinilazimu kuvuka bahari ili nikione kilichokuwa karibu na mlango wetu.

Lakini bahati za kuta hizi mbili hazikulingana. Ngome ya Yesu ilionja vita. Mwaka 1696 Waomani waliizingira, na mazingiwa hayo yalidumu karibu miaka 3, mpaka mwishoni mwa mwaka 1698 ilipoanguka, baada ya wengi waliokuwa ndani kufa kwa njaa na maradhi. Baadaye, tangu mwaka 1895 hadi mwaka 1958, iligeuzwa gereza, na leo ni makumbusho. Ukuta wa Lucca, kinyume chake, haukupata kuzingirwa na jeshi lolote tangu ulipokamilika. Zaidi ya miaka 100 ya jasho, fedha na udongo ilitumika kumngoja adui ambaye hakuja.

Nilicheka nikamwambia mwenyeji wangu kuwa wazee wake walipata hasara. Hakucheka. Alisema tu, "Ngoja mpaka jioni."

Tuliingia mjini kwa lango la San Pietro. Juu ya mlango huo limechongwa neno moja la Kilatini, Libertas, maana yake Uhuru. Lucca ilikuwa dola ndogo iliyojitawala kwa karne nyingi, tajiri kwa biashara ya hariri, ilhali majirani zake wakubwa waliitamani. Niliposoma neno lile juu ya lango nilifahamu kwamba watu wale hawakujenga ukuta kwa kupenda matofali. Uhuru wao ulikuwa mdogo, nao waliujengea nyumba.

Ndani ya mji niliona kwamba ukuta huo si wa kwanza bali ni wa mwisho katika jamaa ya kuta. Warumi walikuwa na wao wa mawe makubwa, na kipande chake kingali chaonekana ndani ya kanisa dogo la Santa Maria della Rosa, ambako ukuta wa zamani uligeuzwa kuwa ubavu wa kanisa. Katika karne ya 13 mji ulikwisha kua, na watu wakajenga ukuta wa pili. Malango yake mawili, la San Gervasio na la Borghi, yamesimama hadi leo katikati ya mitaa, na watu hupita chini yake wakiwa na vikapu vyao. Ukuta wa tatu ndio nilioueleza. Mji ulikuwa kama mtoto anayekua: kanzu ikimbana hushonewa nyingine, lakini kitambaa cha ile ya kwanza hakikutupwa.

Kutoka hapo tulifika kwenye kanisa la San Michele. Limesimama mahali palipokuwa uwanja wa soko na baraza katika zama za Warumi, na kwa sababu hiyo jina lake kamili ni San Michele in Foro. Uso wa kanisa hilo ni wa ajabu: safu juu ya safu za nguzo nyembamba za marumaru, hii imesokotwa kama kamba, ile imechorwa maua, na kileleni malaika mkubwa mwenye mbawa za chuma. Nilisimama nikiwa nimeduwaa. Kisha mwenyeji wangu alinivuta ubavuni, nikaona kuwa sehemu ya juu ya uso ule haina chochote nyuma yake. Ni ukuta mtupu uliosimama hewani. Waliojenga walikusudia kuliinua kanisa lote lifikie kimo kile. Fedha ikawaishia walipomaliza uso. Nilikumbuka methali yetu isemayo kuwa nyumba njema si mlango, nikamfasiria. Alifurahi sana, akasema Lucca nzima ingefaa kuifahamu methali hiyo.

Tazama, msomaji, watu wale hawakuuvunja uso ule kwa kuwa ni kosa. Waliuacha. Na katika karne ya 19, ulipokuwa umechakaa, walipoutengeneza walichonga baadhi ya vichwa vyake kwa sura za watu wa zama zao, akiwamo Garibaldi na Cavour. Wako wanaolaumu jambo hilo. Mimi nililiona kama alama ya mkono wa mrithi: aliyepokea kitu akakitengeneza, akaacha na yeye dalili ya kuwa alipita.

Mahali palipoushinda moyo wangu zaidi ni uwanja uitwao Piazza dell'Anfiteatro. Unaingia kwa tao la chini kama mlango wa zizi, na ghafula unajikuta katikati ya uwanja wa umbo la yai, umezungukwa na nyumba zilizoshikana bega kwa bega, rangi ya manjano na nyeupe, nguo zimeanikwa madirishani, watu wamekaa chini wakinywa kahawa. Mbona nyumba zimepinda hivi? niliuliza. Jibu lake ndilo lililonikalisha kitako.

Hapo palikuwa na uwanja wa michezo wa Warumi, ulioweza kukaliwa na watu 10,000 hivi. Ufalme wa Roma ulipoanguka michezo ilikwisha. Mawe mazuri yaling'olewa, yakaenda kujenga makanisa. Kuta zilizobaki, zile zilizobeba viti vya watazamaji, hazikuachwa magugu yaote. Watu maskini walijenga vibanda vyao juu yake, na vibanda vikawa nyumba, na nyumba zikaongezwa ghorofa. Kwa kuwa msingi ulikuwa umepinda, nyumba nazo zilipinda. Katikati pakajaa majengo, hata umbo la kale likapotea machoni. Ndipo katika miaka ya 1830 mwenye elimu ya ujenzi wa mji huo, Lorenzo Nottolini, alipoyaondoa majengo ya katikati na kuufungua uwanja, ukawa soko. Ukizunguka kwa nje leo utayaona matao ya Warumi yamekaa ndani ya viambaza vya nyumba za watu kama mifupa chini ya ngozi. Ardhi imeinuka mita kadhaa tangu zama zile, na mlango ulio chini kuliko yote ndio wa asili.

Nilikaa hapo muda mrefu. Uwanja ule ulikwisha poteza kazi yake, maana hakuna tena mchezo wala mtazamaji. Lau ungebaki bila kazi mpya, mawe yote yangalichukuliwa. Kilichouokoa si ulinzi wa serikali wala wingi wa sifa. Ni mama mmoja wa zamani, asiyejulikana jina, aliyehitaji mahali pa kulaza watoto wake akaegemeza paa lake juu ya tao. Nilimwona dada yangu katika mama huyo, na karatasi iliyokuwa mkobani ikawa nzito.

Lakini sipendi kukudanganya kuwa watu wa Lucca hawakupata kuvunja. Mwaka 1805 Napoleon alimpa mji huo dada yake, Elisa Baciocchi. Elisa alitaka uwanja mkubwa mbele ya jumba lake, ulioitwa kwa jina la kaka yake. Nyumba nyingi zilibomolewa, na pamoja nazo kanisa la kale la San Pietro Maggiore. Leo uwanja huo ni mpana na miti yake ina kivuli kizuri. Lakini sanamu iliyosimama katikati yake si ya Napoleon. Ni ya Maria Luisa wa Bourbon, aliyetawala baada ya ukoo wa Napoleon kuanguka. Kwa hiyo kanisa lilivunjwa kwa ajili ya sifa ya mtu, na sifa yenyewe haikudumu hata miaka 20. Palipovunjwa hapakurudi. Hilo nalo ni somo la mawe.

Katika kanisa kuu la San Martino niliona kaburi la marumaru la Ilaria del Carretto, mke wa Paolo Guinigi aliyekuwa bwana wa mji. Ilaria alifariki mwaka 1405 akiwa kijana, na mchongaji Jacopo della Quercia alimchonga amelala, kichwa juu ya mto, na miguuni mbwa mdogo anayemtazama, ishara ya uaminifu. Paolo alipopinduliwa mwaka 1430 watu waliokuwa na hasira juu yake waliteka mali zake, na kaburi lile lilivunjwavunjwa likatawanywa. Baadaye vipande vilikusanywa. Leo mtu hupita mbele yake kwa mnong'ono. Hasira iliyolivunja imesahauliwa, wala hakuna anayeijia kutoka mbali. Uzuri ndio unaotazamwa.

Alasiri tulipanda mnara wa ukoo huo huo wa Guinigi. Una ngazi zaidi ya 200, na magoti yangu yalizihesabu zote. Zamani kila ukoo wa matajiri ulijenga mnara wake kumzidi jirani, na mji ulijaa minara. Mingi imeanguka au imekatwa. Wa Guinigi umebaki, na kileleni pake imeota miti ya mwaloni, miti ya kweli yenye kivuli, mizizi yake ndani ya udongo uliopandishwa kimo cha mita 40 na zaidi. Nilishika shina la mmoja nikautazama mji chini yangu: paa za vigae vyekundu, vichochoro vyembamba, yai la uwanja wa Warumi, na ukuta ukiyakumbatia yote. Ilionekana wazi kwamba hakuna kizazi kimoja kilichoujenga mji ule. Kila kimoja kiliongeza kidogo, kilikosea kidogo, kiliziba kidogo, kikaondoka.

Jioni ilipofika tulirudi juu ya ukuta. Na sasa ndipo nilipouona uhai wake. Juu yake pana njia pana yenye miti pande zote mbili, iliyotengenezwa katika karne ya 19 ukuta ulipokwisha kuacha kuwa chombo cha vita. Wazee walikuwa wakitembea wawili wawili, mama walisukuma vigari vya watoto, vijana walipita kwa baiskeli, wapendanao walikaa juu ya nyasi za buruji. Mwenyeji wangu aliniambia kuwa mwaka 1866 mji uliununua ukuta huo kutoka kwa serikali ya Italia, ili usije ukavunjwa kama kuta za miji mingine zilivyovunjwa. Mji ulitoa fedha kununua kitu ambacho mababu zake walikwisha kukilipia kwa jasho.

Kisha alinijibu neno langu la asubuhi. "Ulisema tulipata hasara," alisema. "Sikiliza. Mwezi wa Novemba mwaka 1812 mto Serchio, upitao kaskazini mwa mji, ulivunja kingo zake. Maji yaliufunika uwanda wote. Malango yalifungwa, na ukuta ukayazuia maji nje. Husimuliwa kwamba Elisa mwenyewe alikuwa nje siku hiyo, na kwa kuwa malango hayangeweza kufunguliwa, alipandishwa juu ya ukuta kwa winchi ya kuinulia mizigo. Adui tuliyemngoja kwa mizinga hakuja. Alikuja mwingine ambaye hatukumwaza, na ukuta ulikuwapo."

Nilinyamaza. Nilifikiri juu ya waashi wale waliozeeka wakipanga matofali kwa ajili ya vita ambavyo havikutokea. Hawakujua wanajenga kinga ya mafuriko. Hawakujua wanajenga bustani ya wajukuu. Walijua jambo moja tu, nalo ni kuijenga kazi yao vizuri. Faida ya kazi njema yaweza kuja kwa mlango ambao mjenzi hakuuweka.

Karibu na hapo mafundi walikuwa wamesimamisha majukwaa wakitengeneza kipande cha ukuta kilichopasuka. Nilikaribia kutazama, nikashangaa kuona kuwa wanachanganya chokaa na mchanga, wala si saruji. Niliuliza sababu. Mwenyeji wangu alinifasiria jibu la fundi mkuu: ukuta wa kale hupumua. Maji huingia ndani yake na hutoka tena kwa njia ya chokaa, ambayo ni laini. Ukiupaka saruji, ambayo ni ngumu na haipitishi maji, unayafungia maji na chumvi ndani. Nayo yakikosa njia huula ukuta toka tumboni. Saruji hubaki imesimama, na jiwe la nyuma yake hugeuka unga.

Msomaji, nilihisi kama mtu aliyesomewa hukumu. Ufa wa nyumba yetu tuliuziba kwa saruji, kwa mikono ya fundi tuliyemlipa sisi wenyewe, na uliporudi tuliilaumu nyumba kuwa imezeeka. Nyumba ilikuwa imesimama kabla ya kuzaliwa kwetu. Dawa yetu ndiyo iliyoidhuru, nasi tulitaka kumzika mgonjwa kwa kosa la mganga.

Usiku ule nilimpigia simu dada yangu mkubwa. Nilianza kumweleza habari za Warumi, za hariri na za mto Serchio, naye alinisikiliza kwa saburi mpaka nikamaliza. Kisha aliuliza, "Umetia sahihi?" Nilimwambia sikutia. Alikaa kimya kitambo, akasema, "Basi njoo nyumbani, ndugu yangu. Mvua zakaribia."

Niliporudi haikuwa rahisi. Mdogo wetu alikasirika, na haki yake ya kukasirika ilikuwapo, maana alihitaji fedha kwa karo ya watoto. Tulikaa vikao vitatu, na katika cha pili sauti zilipanda. Mwishoni tulipatana hivi: chumba cha chini kielekeacho njia kitapangishwa kwa fundi cherehani, na kodi yake itagawanywa mafungu mawili, moja la karo na moja la chokaa. Tulimtafuta mzee mmoja mwashi ajuaye kazi ya zamani. Alibandua saruji yetu, na nyuma yake tulikuta matumbawe yamelika kama mkate ulioingiwa na mchwa. Kazi yake ilituchukua miezi, na gharama yake ilituuma. Sasa ufa umezibwa, na masika moja imepita juu yake salama. Kama zitapita kumi, Mungu ndiye ajuaye. Nyumba ya kale ni kama mzazi mzee, haimalizi kuhitaji.

Wahenga walisema: usipoziba ufa utajenga ukuta. Nilijifunza methali hiyo nikiwa darasani kama wewe, nikaiandika katika daftari kwa mwandiko mzuri, nikapata alama. Lakini sikuifahamu mpaka nilipousimamia ukuta wa watu wengine. Sasa naongeza neno moja juu yake, kwa idhini ya wahenga: tazama pia unauziba ufa kwa kitu gani.

Nawe kijana usomaye, huenda unaishi karibu na kitu cha kale ambacho hujapata kukiuliza habari zake. Huenda ni boma, ni kisima, ni mti wa baraza la wazee, ni nyumba ya nyanya yako yenye mlango uliopinda. Sikuambii ukiabudu, wala sikuambii kila kilichozeeka kina haki ya kubaki. Nakusihi jambo dogo: kabla hujasema kuwa hakina faida, kitafutie kazi. Ukuta wa Lucca ulikosa adui ukapata mafuriko, ukapata miti, ukapata watoto wenye baiskeli. Uwanja wa Warumi ulikosa mchezo ukapata nyumba. Na katika nyumba yetu, chumba ambacho babu alitunzia jahazi lake matanga na kamba, sasa cherehani yalia tangu asubuhi, na dada yangu hulalamika kuwa yampigia kelele. Nami kila nimsikiapo akilalamika, hufurahi.